Kipimo cha Maneno: Misemo ya Kukuza Mambo na ya Kuyapunguza

Kila lugha ina misemo ambayo watu hawaibuni wenyewe, bali huipokea tayari kutoka kwa wazee wao na kuitumia, kama vile mtu anavyotumia jembe la baba yake. Kati ya misemo hiyo kuna ile inayopima mambo. Kazi yake ni kusema: kitu hiki na kile havilingani, maneno yamepita jambo lenyewe, au adhabu imepita kosa. Tunataka hapa kueleza kwanza namna watu wa lugha ya Kiingereza wanavyotumia misemo hiyo, na namna tunavyoitumia sisi kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Kisha tutaonyesha kwa nini jambo hili, kwa padri au katekista anayefanya kazi katika Masisi na Walikale, si somo la lugha tu.

Pengine msomaji atauliza: Kiingereza kinatuhusu nini sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa? Kinatuhusu. Ng'ambo ya mpaka, katika Uganda, Kiingereza ndiyo lugha ya shule na ya serikali. Tangu kambi ya Rwamwanja ilipofunguliwa tena mwaka wa 2012 kwa kupokea wakimbizi, maelfu ya watu wa Kivu ya Kaskazini wamekwenda kukaa huko, na watoto wao wanasoma kwa Kiingereza. Tena, mtu akitazama mizani ya jirani yake, anaanza kuitazama vizuri mizani yake mwenyewe.

1. Maneno yanapopita jambo

Mtu akilia sana kwa sababu ya jambo dogo, Mwingereza humwambia kwamba amefanya mlima kwa udongo wa fuko. Kila mtu anayelima viazi katika Masisi anamjua fuko. Ni mnyama mdogo anayekula chini ya ardhi, na udongo anaoutupa juu haufiki hata magotini. Kuuita udongo huo mlima, mbele ya milima ya kweli ya Masisi, ni kichekesho. Msemo huo ulionekana katika kitabu cha Kiingereza mwaka wa 1548, wakati Nicholas Udall na wenzake walipotoa kwa Kiingereza maelezo ya Agano Jipya yaliyoandikwa kwa Kilatini na padri Erasmus wa Rotterdam. Wagiriki na Walatini wa zamani walisema vingine: kumfanya nzi kuwa tembo. Wafaransa wameushika msemo huo wa nzi na tembo hata leo.

Tena Waingereza husema: tufani ndani ya kikombe cha chai. Wafaransa husema: tufani ndani ya glasi ya maji. Na zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita Cicero, ambaye waseminari wengi wamehangaika na maandiko yake, alimtaja mtu wa kwao aliyeinua mawimbi ndani ya kijiko cha kutekea divai. Tunaona basi kwamba wazo ni moja, lakini kila taifa linatafuta chombo chake nyumbani mwake. Anayekunywa chai ataweka tufani yake ndani ya chai.

Na sisi? Sisi tunasema: ameongeza chumvi. Tuangalie tofauti. Waingereza wanapima kwa macho: wanatazama ukubwa na udogo, mlima na udongo. Sisi tunapima kwa ulimi, na kipimo hicho kinafundisha jambo ambalo mlima hauwezi kufundisha. Chakula kilichozidi chumvi si uongo: maharagi ni maharagi kweli, tena yametoka shambani kweli. Lakini hakiliki. Vivyo hivyo mwenye kuongeza chumvi katika habari hakubuni kila kitu. Kulikuwa na ugomvi kweli, kulikuwa na mbuzi aliyepotea kweli. Ndiyo sababu ni vigumu kumkanusha. Ukimwambia, "Wewe mwongo," atakuonyesha kamba ya yule mbuzi. Kumbe afadhali kumwuliza: "Mbuzi alikuwa mmoja, nawe unasema zizi zima. Wale wengine wametoka wapi?"

Tuna pia methali za kumtuliza mtu anayesumbuliwa na kelele: debe tupu haliachi kuvuma, kelele za chura hazimzuii ngombe kunywa maji. Ni methali nzuri, lakini tusisahau kwamba anayezisema amekwisha kuamua ni nani chura na ni nani ngombe. Mtu mkubwa anapenda sana kujiona ngombe. Ikiwa mama mjane anakuja barzani mwa chifu kusema kwamba wamemnyang'anya shamba lake, na watu wakamjibu kwa methali ya chura, mizani imepindwa kabla ya kupima. Methali imesema kweli juu ya vyura, lakini haijasema neno lolote juu ya shamba.

2. Adhabu inapopita kosa

Misemo ya pili haipimi maneno bali matendo. Waingereza husema juu ya mtu anayetumia nguvu nyingi mahali pasipohitaji: ametumia nyundo ya kuvunjia mawe ili apasue kokwa. Wanawake wa Walikale wanaovunja kokwa za mawese wanaelewa mara moja. Kazi hiyo inafanywa kwa jiwe dogo na mkono uliozoea. Ukileta nyundo kubwa, ganda litavunjika, ni kweli, lakini na kiini chake kitakuwa unga. Hapo ndipo nguvu ya msemo: hausemi tu kwamba nyundo ni kubwa mno, unasema kwamba nyundo inaharibu kile kile ulichotaka kukipata. Chifu anayewapiga watu wote wa kijiji ili apate amani, anapata kimya. Amani imekwisha kusagika.

Kuna msemo mwingine wa Kiingereza unaotoka katika sheria zao za zamani. Zamani huko Uingereza mtu aliyeiba kondoo aliweza kunyongwa. Na aliyeiba mwana-kondoo naye aliweza kunyongwa. Basi watu wakasema: ikiwa ni kunyongwa tu, afadhali kunyongwa kwa sababu ya kondoo mkubwa kuliko kwa mdogo. Sheria ya kunyonga kwa wizi wa kondoo iliondolewa mwaka wa 1832, lakini msemo umebaki. Unaonyesha ukweli ambao watunga sheria husahau: adhabu isiyo na kipimo haipunguzi makosa, bali inayakuza. Kijiji kinachomchoma moto mwizi wa kuku sawasawa na mwizi wa ngombe, kinamfundisha mwizi wa kuku aende kwa ngombe, tena aende na silaha.

Hapa Biblia inatupa mwanga mkubwa. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, Lameki anajisifu mbele ya wake zake kwamba alimwua mtu kwa sababu ya jeraha, na kwamba kisasi chake ni mara sabini na saba. Huyo ndiye baba wa watu wasio na kipimo. Sheria ya Musa ilikuja kufunga mdomo wa Lameki. Wengi wanafikiri kwamba sheria ya jicho kwa jicho, katika Kitabu cha Kutoka, inawahimiza watu kulipiza. Sivyo. Inaweka mpaka: jicho moja kwa jicho moja, wala si kijiji kizima kwa jicho moja.

Na katika kitabu hicho hicho, sura ya 22, kuna sheria ambayo tungedhani imeandikwa kwa ajili ya milima ya Masisi: mtu akiachilia mnyama wake akala katika shamba la mwingine, atalipa kwa mazao mema ya shamba lake mwenyewe. Tutazame ulinganifu wake. Mnyama alikula mavuno. Mwenye mnyama anarudisha mavuno, tena yaliyo mazuri, si mabovu. Mkulima hapotezi haki yake, wala haambiwi, "Ni majani tu." Lakini pia hapewi ruhusa ya kumkata ngombe mapanga, wala kuichoma nyumba ya mchungaji. Mtakatifu Toma wa Akwino alifuata njia hiyo hiyo alipofundisha juu ya mtu anayejikinga na adui: kujikinga ni halali, lakini anayetumia nguvu kupita zile zinazohitajiwa anafanya isivyo halali.

3. Jambo kubwa linapoitwa dogo

Kukosa kipimo hakuna upande mmoja. Kuna wanaokuza, na kuna wanaopunguza. Na hao wa pili hawasikiki sana, kwa kuwa wanasema polepole. Waingereza wanajulikana kwa tabia hiyo. Vita vya ndani vya Ireland ya Kaskazini, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata mapatano ya mwaka wa 1998, viliua watu zaidi ya 3,500. Jina walilovipa ni neno dogo, ambalo sisi tungesema tu "matatizo." Neno lile lile lafaa kwa mtoto anayesumbuliwa na hesabu zake. Sisi nasi tuna namna zetu: "Ni mambo madogo tu," "Ni maneno ya vijana," "Yatapita." Mkubwa wa serikali aliandika "machafuko kidogo" katika barua yake, na watu walikuwa wakilala msituni na watoto wao.

Lugha zenyewe zimetuonya. Waingereza husema juu ya unyasi wa mwisho uliomvunja ngamia mgongo. Wafaransa husema juu ya tone linalomwaga chombo. Kiswahili husema: usipoziba ufa utajenga ukuta, na tena: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tulinganishe. Msemo wa ufa unatazama mbele: fanya leo kazi ndogo, usije ukafanya kesho kazi kubwa. Msemo wa ngamia unatazama nyuma: mtu akishangaa kwamba unyasi mmoja umevunja mgongo, unamjibu kwamba si unyasi ule, bali mzigo wote uliokuwapo kabla yake. Wabebaji waliotoa magunia ya kasiterite katika Bisie kwa miguu, kupitia msitu wa Walikale, wangeufahamu msemo huo pasipo kumwona ngamia hata siku moja. Anayeanguka njiani hakuangushwa na jiwe dogo alilolikanyaga. Ameangushwa na gunia.

Habari za inchi yetu zinathibitisha neno hilo kwa machozi. Mwezi wa Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, katika Walikale. Kutoka hapo vita viliingia Masisi, maelfu wakafa, na watu wapatao 250,000 wakakimbia makwao. Aliye mbali anaweza kuuliza: ugomvi gani wa sokoni unaoweza kuzaa vifo vingi hivyo? Anautazama unyasi. Mzigo ulikuwa umepakiwa muda mrefu. Kati ya mwaka wa 1937 na mwaka wa 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta watu wengi kutoka Rwanda na kuwakalisha katika Masisi. Neno la mashamba na la uchifu halikumalizika. Mwaka wa 1972 sheria iliwapa wengi wao uraia. Mwaka wa 1981 sheria nyingine ikawaondolea. Wahunde na Wanyanga waliogopa kupoteza ardhi ya babu zao. Wahutu na Watutsi waliogopa kuitwa wageni mahali walipozaliwa. Kila mwaka uliongeza kitu juu ya mgongo ule ule, na kila mwaka alikuwapo wa kusema, "Ni jambo dogo." Ufa haukuzibwa. Na vita havikuishia hapo. Mwaka wa 2025 vilifika tena katika mji wa Masisi mwezi wa Januari, na katika mji wa Walikale mwezi wa Machi.

4. Misemo inayovunja mizani yenyewe

Misemo tuliyoitaja hata sasa inapima. Hata ikitumiwa vibaya, ndani yake imo mizani. Lakini kuna misemo mingine inayotembea pamoja nayo, imevaa nguo za hekima, nayo kazi yake ni kuvunja mizani. Tunataka kuitaja wazi miwili, kwa sababu tunaisikia sokoni, njiani, na hata katika shirika baada ya sala.

Wa kwanza ni huu: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Waingereza wana ndugu yake: tofaa moja bovu huharibu pipa zima. Kwa samaki ni kweli, na kwa matofaa ni kweli. Mwenye kuuza samaki sokoni ana haki ya kuuangalia msemo huo. Lakini samaki waliomo kikapuni wamekufa. Uozo unawapita kwa sababu hawana roho ya kuukataa. Watu wanayo. Kijana mmoja wa kabila fulani akiiba, kabila halikuiba. Anayesema juu ya watu neno la samaki amewahesabu kuwa wafu tayari; tusishangae basi wakija wengine kuwatendea hivyo. Tena tuone ujanja wa lugha: siku hizi watu wengi wa Kiingereza, mkosaji akitoka kwao wenyewe, husema, "Ni matofaa machache tu yaliyo mabovu," yaani mengine yote ni mazima. Msemo ule ule umegeuzwa kuwa kinga! Kwa jirani pipa zima limeharibika, kwangu ni tofaa moja tu. Tusiwacheke Waingereza, nasi tunafanya hivyo katika Kiswahili, pasipo matofaa.

Wa pili ni mbaya zaidi: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa maneno hayo machache mtoto anahukumiwa kabla hajatenda neno lolote, na anayemhukumu anajiona ametumia hekima ya wazee. Hapa kukosa kipimo kumefika mwisho wake: upande mmoja wa mizani kuna adhabu, upande wa pili hakuna kosa hata kidogo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alipambana na methali ya namna hii. Waisraeli walikuwa na msemo wao juu ya baba waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Mungu akawakataza kuusema tena katika Israeli, kwa maana mwana hatabeba kosa la baba yake, wala baba kosa la mwana. Tuangalie vizuri: Mungu aliikataza methali. Si kila neno la wazee ni urithi wa kutunzwa. Mapokeo nayo yanapimwa.

Na kwa msemo wa samaki tunalo jibu katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18. Abrahamu anamwombea mji wa Sodoma. Anaanza na wenye haki hamsini, anashuka hata kumi, na Mungu anakubali: kwa ajili ya kumi hatauharibu mji. Hiyo ni hesabu iliyopinduliwa. Watu wanasema mmoja mbaya anatosha kuwapoteza wote. Mungu anasema wachache wema wanatosha kuwaokoa wengi.

5. Mambo matatu ya kushika

Kwanza, anayehubiri au kupatanisha watu aulize jambo lenyewe kabla ya kulifunika kwa methali. Watu wakisema, "Mlima," aende akaone; wakisema, "Udongo wa fuko," aende akaone vilevile. Ahesabu ngombe waliokatwa, apime mashamba yaliyoliwa, aulize tangu mwaka gani. Namba inayojulikana inatuliza ugomvi kuliko methali kumi.

Pili, apime pande zote mbili kwa mizani moja. Kama kosa la wale ameliita mlima, na kosa la wetu la namna ile ile ameliita jambo dogo, huyo hana mizani, ana upande. Waumini wanaliona jambo hilo upesi, hata wasipolisema.

Tatu, akatae kwa upole lakini wazi misemo inayowahukumu wengi kwa ajili ya mmoja. Hana haja ya kugombana. Akisikia neno la nyoka, na aulize: "Mtoto huyu jina lake nani? Amefanya nini?" Mara nyingi hakuna jibu, na kimya hicho kinafundisha kuliko hotuba.

Lakini je, kila kukosa kipimo ni kubaya? Hapana. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Yezu, katika sura ya 18 ya Matayo, alimjibu kwa hesabu inayotukumbusha ile ya Lameki, akiigeuza kuwa ya msamaha. Kisha akaleta mfano wa mtumishi aliyedaiwa talanta elfu kumi, naye alikuwa akimdai mwenzake denari mia. Tufanye hesabu. Talanta moja ilikuwa denari 6,000, na denari moja mshahara wa siku. Deni la kwanza ni siku 60,000,000 za kazi. La pili ni siku 100. Mfalme alifuta lile la kwanza lote. Mtumishi, akitoka mlangoni, alimkaba mwenzake koo kwa lile la pili.

Mfalme hakukasirika kwa kuwa mtumishi alijua kuhesabu denari mia, maana deni lile lilikuwa la kweli. Alikasirika kwa kuwa alisahau ile nyingine. Katika Masisi na Walikale yako madeni ya kweli, ya ardhi, ya mifugo na ya damu, na asiwepo padri wa kuyaita unyasi. Yapimwe, yatajwe, yalipwe kadiri inavyowezekana. Adhabu ina kipimo, na anayekipita amemfuata Lameki. Huruma peke yake Mungu hakuiwekea kipimo.